Wiki za Kwanza za Binti Yangu

Kofia ya mtoto niliishona mwenyewe, mwezi wa nane wa ujauzito, kwa mabaki ya flaneli nyeupe yaliyobaki kwenye kazi ya mteja. Mimi ni fundi cherehani. Chumba changu cha kazi kiko Kamembe, kando ya njia inayoshuka kwenda sokoni, na nguo za watoto wachanga nimezishona nyingi kiasi kwamba sihitaji kumpima mtoto ndipo nikate. Kichwa nakikatia sentimita thelathini na sita, ili abaki na nafasi ya kukua.

Binti yangu alipozaliwa, muuguzi alimvalisha ile kofia ikamshuka mpaka kwenye kidevu. Akaivua, akaikunja, akaiweka kando ya mto wangu.

"Utamushonea ingine," alisema.

Kisha akatoa utepe wa kupimia, wa aina ile ile tunayotumia mafundi, akauzungusha kwenye kichwa cha mtoto. Alipima mara moja, akapima tena, akamwita mwenzake naye akapima. Hawakuniambia namba. Lakini mtu wa kazi yangu haoni shida kusoma utepe hata ukiwa kichwa chini na yeye amelala chali. Ilikuwa ishirini na tisa.

Nakumbuka kwamba sikuogopa. Nilidhani ni mtoto mdogo tu, kama wapo watu wafupi na wapo warefu. Uso wake ulikuwa wa kawaida, mkubwa hata, na juu ya nyusi paji lilirudi nyuma haraka, kama limeharakishwa. Alinyonya vibaya. Alilia kwa sauti nyembamba. Siku ya tatu tulirudi nyumbani.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwetu halikuhitaji kusemwa. Mama mkwe wangu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu. Mume wangu ni mtoto wake wa kwanza. Tulikuwa ndugu kabla hatujawa mume na mke, na shangazi ndiye aliyepanga ndoa yetu, akaja mwenyewe kwa baba kuongea, na baba akafurahi kwamba binti hataenda kwa watu asiowajua. Familia nyingi za Waislamu wa mtaa wetu zimeoana hivyo. Hakuna aliyeliona kuwa jambo kubwa.

Shangazi alihamia kwetu wiki ile ile. Alimpakata mtoto kwa namna ambayo sikuwahi kuiona: mkono mmoja chini ya shingo, kidevu kimeinamishwa kidogo, maziwa kwa kijiko kidogo upande wa shavu, tone kwa tone, na baada ya kila kijiko anangoja. Kwake mtoto alikula. Kwangu alipaliwa.

"Ulijifunza wapi?" nilimuuliza.

"Muntu akizeeka anajua," alijibu.

Miezi ilipita na watu walianza kutafuta sababu. Nilikuwa na mteja mmoja, maman mfanyabiashara wa Bukavu, mama wa kanisa, ambaye huvuka mpaka wa Kongo na Rwanda kwenye daraja la Rusizi II karibu kila siku na vitenge. Alimwangalia mtoto aliyelala kwenye kapu karibu na cherehani, kisha akaiangalia pasi yangu ya mkaa.

"Maman, wakati ulikuwa na mimba ulikuwa unapiga pasi?"

"Ndiyo. Ni kazi yangu."

"Ile moto ya makala inaingiaka mu tumbo. Mi naona ni ile."

Hakusema kwa ubaya. Alinishika bega, akachukua gauni lake, akaenda. Lakini neno lake lilibaki. Nilikuwa nimepiga pasi miezi yote tisa, hasa karibu na Idi, pasi ikiwa usawa wa kitovu changu, mvuke wa kitambaa kilicholoweshwa ukinipanda usoni. Tangu siku ile nilianza kuwapelekea jirani nguo wanipigie pasi. Sikumwambia mtu kwa nini. Mume wangu alidhani nimechoka. Nilifanya hivyo kwa zaidi ya mwaka.

Mtoto alifika miezi kumi na minne bila kukaa mwenyewe. Alicheka mapema, hilo niliandike, na alijua sauti zetu. Hospitali ya wilaya ilipima damu yake na yangu kutafuta magonjwa ambayo mama anaweza kumwambukiza mtoto tumboni. Hawakupata kitu. Wakatuandikia karatasi ya kwenda Kigali, kwa daktari wa mambo ya kurithi.

Tulikwenda wanne: mimi, mume wangu, mtoto, na shangazi, kwa sababu bila shangazi mtoto asingekula. Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye sauti ndogo. Aliongea nasi Kinyarwanda. Naandika hapa kwa Kiswahili kama nilivyoelewa. Alichukua karatasi, akachora ukoo wetu, mraba kwa mwanamume na duara kwa mwanamke. Aliposikia kwamba mimi na mume wangu ni mtoto wa kaka na mtoto wa dada, alichora kati yetu mistari miwili badala ya mmoja. Hakubadilisha uso.

"Na wazazi wako, mama," alimuuliza shangazi, "nao walikuwa na undugu?"

"Ndiyo. Baba zao walikuwa ndugu."

Akachora mistari miwili tena, juu ya ile ya kwanza.

"Katika familia, kuna mtoto mwingine aliyewahi kuzaliwa na kichwa..."

"Hakuna," shangazi alisema, kabla swali halijaisha.

Wakachukua damu yangu, ya mume wangu na ya mtoto. Daktari alisema itapelekwa nje ya nchi na tutasubiri. Tulisubiri mpaka nikaacha kusubiri. Simu ilipokuja nilikuwa napima mabega ya bwana harusi, na ilibidi nimalize kwanza.

Safari ya pili tulikwenda mimi na mume wangu tu. Daktari alitukalisha upande mmoja wa meza, naye akaja kukaa upande ule ule, akaweka karatasi nyeupe katikati. Alichora kitu kama mrija.

"Huu ndio ubongo mwanzoni kabisa," alisema. "Ni mrija mdogo. Ndani yake, ukutani, kuna seli. Hizi ni seli mama. Kazi yao ya kwanza ni kujigawa. Moja inakuwa mbili, na zote mbili ni seli mama tena. Mbili zinakuwa nne, nne zinakuwa nane. Kwa muda fulani hazifanyi kitu kingine. Zinaongeza hazina."

Alichora vitone vingi.

"Halafu unafika wakati zinaanza kujigawa kwa namna nyingine. Seli mama inajigawa, upande mmoja inabaki seli mama, upande mwingine inatoka seli ya ubongo yenyewe, ya kufikiri. Ile ya kufikiri inapanda juu, inakaa mahali pake, na haijigawi tena. Kwa hiyo ukubwa wa ubongo unategemea sana seli mama walikuwa wangapi kabla hawajaanza kuzaa hizi nyingine, na walidumu muda gani."

Nilimsikia anasema "walikuwa wangapi", kama anahesabu watu. Sidhani alijua.

"Sasa, kila seli ya mwili wako ina maagizo yote. Ya ngozi inayo, ya ini inayo, ya jicho inayo. Lakini kila seli inasoma yale inayohitaji tu, na mengine inayaacha yamefungwa. Kuna agizo moja, jeni moja, ambalo seli mama za ubongo wanalisoma kwa nguvu sana katika wiki hizi za mwanzo. Linawasaidia wakati wa kujigawa, seli ivutwe pande mbili sawasawa. Wiki hizo zikipita, ubongo unaacha kulisoma kwa nguvu. Linanyamaza. Kwa binti yenu, seli mama walipofika kwenye agizo hilo wakakuta lina kosa la maandishi. Wamejigawa, lakini sio sawasawa. Wengi wakaacha kuwa seli mama mapema. Wakawa seli za kufikiri kabla hazina haijajaa."

"Ubongo wake ni mgonjwa?" mume wangu aliuliza.

"Hapana. Umejengwa kwa mpango wake. Umejengwa na seli chache."

Aligeuza kompyuta tuone. Ilikuwa picha ya seli moja inayojigawa, nyeusi pande zote, na katika ncha mbili za seli kulikuwa na vidoa viwili vya kijani. Pale kwenye kijani, alisema, ndipo kitu kinachotengenezwa na jeni hiyo hukaa wakati wa kujigawa. Mume wangu aliitazama muda mrefu.

"Ni ya mutoto wetu, ile?"

"Hapana. Hizi zimekuzwa maabara. Ya mtoto wenu hatuwezi kuiona tena. Muda wake ulishapita."

"Sawa," alisema. Kisha: "Ile kosa ilitoka kwangu ao kwake?"

"Kwenu wote wawili. Kila mmoja wenu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja nzima na moja yenye kosa. Nzima inatosha, ndiyo maana ninyi hamna shida. Mtoto alipokea ile yenye kosa kutoka kwa kila mmoja. Inawezekana sana ilitoka kwa babu na bibi zenu wale wale."

Mume wangu aliweka mikono juu ya magoti. Mimi nilikuwa na swali moja tu, na niliona aibu kuliuliza mbele ya picha ile nzuri.

"Na pasi?" nilisema.

Daktari hakuelewa. Nikamweleza: pasi ya mkaa, tumbo, maneno ya yule maman, mwaka wa kuwapelekea jirani nguo. Mume wangu aligeuka kuniangalia. Alikuwa hajui.

"Ulipiga pasi zaidi mwezi wa ngapi?" daktari aliuliza.

"Wa saba. Na wa nane."

"Wakati huo kazi hii ilikuwa imekwisha zamani. Na hata ungepiga pasi mwezi wa pili, moto wa pasi haubadilishi maandishi haya. Yalikuwa hivyo siku ya kwanza."

Niliuliza ni wiki zipi hasa. Akasema seli mama huanza kazi kabla ya wiki ya sita na huendelea miezi kadhaa, na mwanzo ndio unaoamua mengi. Njiani kurudi nilihesabu nyuma. Wiki ya sita nilikuwa Nkanka kwenye harusi ya rafiki. Nilikula sambaza wa kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwani, nikacheza, nikasikia kichefuchefu nikadhani ni mafuta. Nilikuwa sijui hata kama nina mimba. Nilitafuta katika siku hizo kitu ambacho ningefanya vingine, nikakosa. Nilitegemea hilo lingeniletea raha. Lilichoniletea ni kama mtu anaponiambia nguo niliyoifumua mara tatu haikuwa na kosa langu, ni kitambaa kilitoka kiwandani hivyo. Unapumzika, lakini nguo iko pale pale.

Tulipofika nyumbani, mume wangu alimweleza mama yake kwa maneno machache. Jeni, wote wawili, babu na bibi. Shangazi alisikiliza, akaendelea kumlisha mtoto.

Kesho yake mchana tulikuwa wawili tu uani, tunachambua maharage. Alisema bila kuinua macho:

"Kwetu ilikuwa musichana."

Nikaacha kuchambua.

"Kule Gikundamvura, mbele tuje huku. Njo alinifuata mimi kuzaliwa. Kichwa sawa ya huyu wetu, mucheko sawa ya huyu wetu. Mama alikuwa anaenda shamba, mi namubeba mugongo siku yote. Mimi njo nilikuwa namukulisha. Alikufaka nikiwa na miaka kumi na moja, homa tu, siku mbili."

"Baba hakuwahi kuniambia ana dada mwingine."

"Mama alitukatazaka kutaja jina yake. Baba yako alikuwa mudogo, pengine alisahau."

"Shangazi, daktari alikuuliza. Ukasema hakuna."

Alichukua jiwe dogo kwenye maharage akalitupa.

"Aliniuliza mbele ya mutoto yangu. Na ndoa yenu nani aliipanga? Ni mimi. Siku ile nilimuona huyu mutoto hospitali nilijua. Nikasema, nikifungua kinywa, batasema ni mimi nilileta ile kitu mu nyumba yao."

Nilikasirika, na sikumwambia. Nilimfikiria akinitazama mwaka mzima nikibeba nguo kwenda kupigiwa pasi kwa jirani. Halafu nikakumbuka kwamba sikumwambia mtu habari ya pasi, kwa hiyo naye hakujua. Kila mmoja wetu alikuwa na lake, katika nyumba ya vyumba vitatu. Nilimaliza maharage, nikarudi kwenye cherehani. Ilichukua siku kadhaa mpaka nikaweza kuongea naye kama zamani, na katika siku hizo mtoto aliendelea kulishwa na yeye, kwa sababu hakukuwa na namna nyingine.

Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nimpigie daktari simu kurekebisha. Nilipiga. Daktari alinishukuru, akaniuliza mtoto yule alikuwa wa ngapi kuzaliwa na alifariki akiwa na miaka mingapi. Akasema ameongeza duara kwenye karatasi yetu, pembeni ya shangazi, na kulipiga mstari, maana ndivyo wanavyowaandika waliofariki. Nilimwambia shangazi. Akauliza kama wameandika na jina. Nikamwambia hapana, hawaandiki majina. Akasema, "Basi," na jioni ile alinitajia jina. Sitaliandika hapa.

Watu walianza kumshauri mume wangu aoe mwanamke mwingine, wa nje ya ukoo. Najua kwa sababu mtaa wetu ni mdogo na kuta za mbao za vibanda hazizuii maneno. Yeye hakuniambia, nami sikumuuliza. Aliendelea kuvuka kwenda Bukavu asubuhi kutengeneza redio na simu za watu, na kurudi kabla daraja halijafungwa. Siku moja tu, akiwa anavua viatu, alisema, "Maman, mi siende fasi yoyote, niko hapa." Nikasema nimesikia. Hatukurudia mazungumzo hayo. Shangazi naye alikuwa ameanza kuongea habari ya ndoa ya binti yake mdogo na kaka yangu. Aliacha kuongea, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Daktari alikuwa ametuambia kwamba kwa kila mimba, uwezekano ni mmoja kati ya nne. Tulikaa miaka mitatu na hesabu hiyo. Niliposhika mimba ya pili, nilijua mapema, kwa sababu safari hii nilikuwa naangalia. Daktari alituambia tunaweza kwenda kupigwa picha za mtoto tumboni mara kwa mara, lakini picha za mwanzo hazingeonyesha kitu, kichwa huanza kubaki nyuma baadaye. Tulikubaliana kutokwenda Kigali. Mume wangu alisema, "Tukijua, tutafanya nini?"

Lakini wiki nilizihesabu. Wiki ya sita nilikuwa nashona sare za shule. Wiki ya kumi nilikuwa na kazi ya msiba. Nilikaa kwenye cherehani nikijua kwamba wakati huo huo, ndani yangu, seli mama wanajigawa, na agizo linasomwa, ama vizuri ama vibaya, na hakuna ninachoweza kuongeza wala kupunguza. Pasi nilipiga mwenyewe. Maman wa Bukavu aliniona akanyamaza.

Mtoto alikuwa wa kiume. Muuguzi alimpima mara moja tu, akaandika, akaanza kukunja utepe. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na binti yangu mgongoni, akauliza ni ngapi.

"Thelathini na tano."

"Pima tena, Maman."

Muuguzi akapima tena. Thelathini na tano. Shangazi akatoka nje na binti yangu, na nilimsikia akipenga kamasi ukutani kwa nje.

Hatujui kama kijana naye anabeba nakala yenye kosa. Hatukumpima, anakimbia, anavunja vitu, anaongea. Nimeandika jina la ile jeni kwenye karatasi, nikaiweka pamoja na vyeti vya kuzaliwa, aikute siku atakapotaka kuoa. Mume wangu alisoma nilichoandika, akasahihisha herufi moja kwa kuangalia karatasi ya daktari.

Binti yangu sasa ana miaka tisa. Alianza kukaa akiwa na miaka miwili na kutembea akiwa na minne na nusu. Ana maneno kama ishirini, mengine ya Kiswahili, mengine ya Kinyarwanda, na moja la Kilingala alilolitoa kwenye redio. Hasomi na sidhani atasoma. Anamtambua baba yake kwa hatua zake kabla hajafika mlangoni. Asubuhi anakwenda kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, mchana anakaa nami, anapenda mlio wa cherehani na hapendi nikiisimamisha.

Mwezi uliopita alijifunza kufungua komeo la mlango wa barabarani. Hakuna aliyemfundisha. Tulimkuta amesimama kando ya njia, anaangalia pikipiki, ametulia kabisa. Mume wangu alileta bisibisi, akaling'oa komeo na kulipandisha juu, usawa wa macho yangu. Shangazi, ambaye ni mfupi, sasa anahitaji kigoda kila anapotaka kutoka, na analalamika kila siku.